Ampu ya Saa Mbili Usiku

Rangi ya kucha niliichukua kwa binti yangu bila kuomba. Nyekundu, kichupa kimebaki robo, brashi imeanza kuwa ngumu. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatano, saa saba na ushee, nyumba nzima imelala, na mimi nimepiga magoti mbele ya ampu, kikuza sauti cha gitaa langu la umeme, simu nimeibana kwa kidevu inimulikie. Sauti niliyoihangaikia wiki tatu nilikuwa nimeipata. Uzi wa kwanza ulikuwa unaimba bila kuchoma masikio, wa nne ulikuwa na nyama, na nikipiga noti mbili pamoja kila moja ilisikika kwa jina lake.

Sikutaka inikimbie. Nikaweka nukta ya rangi kwenye kila nobu, vile vishikio vya kuzungusha, na nyingine kwenye paneli, zitazamane: voliumu, trebo (sauti za juu), besi (sauti za chini), mwangwi. Nikaenda kulala kama mtu aliyemaliza deni la dukani.

Kesho yake saa mbili usiku nikawasha. Nukta zote zilikuwa zinatazamana kama nilivyoziacha. Gitaa lile lile, kebo ile ile, vidole vile vile.

Sauti haikuwepo.

Kilichotoka kilikuwa kama uji uliopoa: juu utando, chini majimaji. Besi ilikuwa inajikunja. Noti mbili zikipigwa pamoja zinagombania mlango. Nikikaza mkono kidogo tu sauti inapasuka, mapema mno, kabla hata sijafika pale ninapotaka ipasuke. Nilizima, nikasubiri dakika tano, nikawasha tena. Uji ule ule.

Milioni mbili na laki tatu

Mjadala wa ampu zipi ni bora, za valvu (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti) au za transista (vijisehemu vidogo vilivyokuja baadaye), sitaufungua hapa. Wengi wenu mmeshachoka nao, na mimi pia. Miaka yote nimepiga gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti za bendi, kama wapigaji wengi wa dansi ninaowafahamu, na watu wamecheza hivyo hivyo. Lakini gitaa la solo la dansi lina tabia yake. Halitaki kunguruma kama la roki. Linataka kuwa safi, liwe na ncha, halafu nyuma ya ncha kuwe na mwili, lisisikike kama kijiko kinachogonga sahani ya bati. Sikiliza rekodi za zamani za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), sikiliza gitaa la Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, utajua ninachokisema. Sijui lilichomekwa kwenye nini, na wala sihitaji kujua. Najua tu kwamba kwenye mikisa yetu halitoki hivyo.

Nilikuwa na ampu tatu kichwani.

Vox AC15 niliipiga kwa rafiki. Valvu mbili za EL84, wati 15, sauti ya juu inayolia kama kengele. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa tayari kuuza pikipiki. Ya ishirini na moja nikagundua kengele ile inakaa kwenye sauti zile zile anazokaa mwimbaji wa bendi yetu, naye ni mtu wa kinyongo.

Fender Blues Junior nayo ni wati 15, EL84 mbili, spika ya inchi 12, kilo kama 14, inapanda bodaboda bila maneno. Ina nobu ya sauti za kati na ina masta, nobu ya kubana sauti yote, kwa hiyo unaweza kuibana ukapiga nyumbani bila jirani kugonga ukuta. Kila nilichokihitaji ilikuwa nacho. Nikaikataa. Sababu? Wati 15, nikasema, ni ampu ya chumbani. Ishike hiyo sentensi, nitairudia kwa aibu.

Nikachukua Deluxe Reverb, nayo ya Fender. Siyo ya zamani yenyewe ya mwaka 1963, hiyo bei yake ni ya kiwanja. Ni toleo jipya lililotengenezwa kwa sura ile ile. Wati 22, valvu mbili za 6V6 upande wa nguvu, spika ya inchi 12, kilo 19. Haina masta. Haina nobu ya sauti za kati. Ina chaneli mbili, na mwangwi uko kwenye ya pili peke yake. Nilimpata jamaa aliyerudi nayo kutoka Marekani, tukakubaliana milioni mbili na laki tatu. Nyumbani nilitaja tarakimu nyingine, ambayo sitaiandika kwa sababu mke wangu husoma blogu hii.

Ya Marekani, maana yake ya volti 120. Nikaenda Kariakoo nikanunua transfoma ya kushusha umeme, boksi la chuma la buluu lililoandikwa 220/110, nikachomeka, taa nyekundu ya mbele ikawaka. Basi, nikaona suala la umeme limekwisha.

Kulaumu kila kitu

Wiki ya kwanza nililaumu nyuzi. Nikabadilisha.

Wiki ya pili nikalaumu valvu ya kwanza, ile inayopokea gitaa. Ni 12AX7, ambayo hukuza sauti karibu mara 100. Kwenye mabaraza ya mtandaoni ya wapiga gitaa kuna ushauri maarufu: ukiona ampu inapasuka mapema, toa hiyo uweke 5751, yenye kukuza kama 70, itatulia. Nikaagiza. Ilipofika niliiweka usiku wa manane baada ya kazi, nikapiga, na nakwambia nilicheka peke yangu. Ilikuwa imetulia, safi, imenyooka. Nikamtumia mpiga rizimu wetu ujumbe wa sauti saa saba na nusu usiku. Alinijibu asubuhi: "Bro, watu wanafanya kazi."

Jioni yake tukawa na mazoezi ukumbini. Uji.

Nikairudisha 12AX7.

Wiki ya tatu nikalaumu kapasita, kijisehemu cha ndani kinachohifadhi umeme. Hapa kidogo nilikuwa na haki. Kwenye chaneli ya pili ya Deluxe Reverb kuna kapasita ndogo ya pikofaradi 47 (ndicho kipimo cha kapasita) imekaa juu ya voliumu, kazi yake ni kupitisha sauti za juu zisizuiwe. Voliumu ikiwa chini, sauti zote zinabanwa ila hizo za juu zinapita njia ya panya, kwa hiyo ampu inachoma. Ukipandisha voliumu, mlango mkuu unafunguka kwa wote na ile njia ya panya inakosa maana. Ndiyo maana ampu hii ukiijaribu chumbani voliumu ikiwa kwenye 2, utadhani imetengenezwa kwa vioo vilivyovunjika. Kuna watu huikata kapasita hiyo kwa koleo. Nilishika koleo. Nikaliweka chini.

Halafu nikafika pale ambapo kila mpigaji hufika. Nikajilaumu mwenyewe.

Mpiga besi wetu, mtu mzima, hana haraka, alinisikiliza nikilalamika hadi nikamaliza, akasema: "Mdogo wangu, usiku wa manane kila kitu kitamu. Hata maji ya bomba." Akimaanisha ni masikio yangu. Kimya cha usiku, mwili umelegea, hakuna wa kukuhukumu. Lilikuwa jambo la kuingia akilini, na liliniumiza kuliko yote, kwa sababu kama ni kweli basi nilikuwa nimetumia milioni mbili na laki tatu kununua usingizi.

Nikarekodi kwa simu. Simu juu ya stuli, hatua mbili kutoka kwenye spika, kipande kile kile cha solo, saa mbili usiku na saa saba usiku, siku nne mfululizo. Nikazisikiliza asubuhi kwenye daladala, masikio ya asubuhi, yasiyo na upendeleo.

Zilikuwa ampu mbili tofauti.

Feni

Jibu halikutoka kwenye baraza lolote.

Alhamisi ile tulikuwa sebuleni, joto la Februari mnalijua, na binti yangu amelala chali sakafuni anaangalia juu. Mwenye ile rangi ya kucha. Akasema, "Baba, feni imechoka."

Nikamwambia iko kwenye namba tatu, kama kawaida.

"Imechoka. Usiku ukienda chooni inakimbia."

Nikaangalia juu. Panga zilikuwa zinazunguka kwa namna ambayo ningeweza kuzihesabu. Nilikaa pale na kikombe cha chai mkononi, na nilihisi vibaya, kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima kumbe anazo mfukoni.

Saa mbili usiku kila mtu mtaani amerudi. Majiko ya umeme, pasi, friji, jenereta za salun zimezimwa ili watumie umeme wa bei nafuu, mashine za kuchomelea mageti za yule kijana wa kona anayefanya kazi hadi saa tatu. Sisi tuko mwisho wa laini. Ukumbi tunaopigia uko mtaa wa tatu kutoka kwangu, nguzo zile zile. Saa saba usiku wote wamelala, na umeme wote ni wangu.

Niliazima mita kwa fundi umeme wa jirani, nikaanza daftari. Ijumaa, kwenye soketi ya sebuleni: saa 12 jioni, volti 213. Saa 2 usiku, 192. Saa 4, 207. Saa 7, 234.

Nikazirudia Jumamosi na Jumapili. Zilicheza hapa na pale, ila mchoro ulikuwa ule ule.

Mzee wa Gerezani

Kupima soketi nilimudu. Kufungua ampu sikuthubutu, na wewe usithubutu kama hujafundishwa. Ndani ya Deluxe kuna sehemu zenye zaidi ya volti 400, na kapasita zake zinaweza kushikilia umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Hazijali kama umeizima.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyezeeka na redio za valvu. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Redio?"

"Ampu ya gitaa, mzee. Ya valvu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikaanza kumwaga maelezo: trebo, 5751, kapasita ya pikofaradi 47, rekodi za daladala. Aliniacha hadi nikaishiwa.

"Unailisha umeme gani?"

Hilo tu.

Nikamwonyesha daftari. Akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akasema hatakuja kuiona mchana, mchana haina ugonjwa. Alikuja Jumanne saa moja na nusu usiku, akala kwanza, akaomba ampu igeuzwe. Kabla ya kugusa chochote mkono wake wa kushoto uliingia mfukoni na haukutoka. Nilimuuliza kwa nini. "Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, unapita hapa," akagonga kifua. "Ukiwa na mkono mmoja, njia hiyo haipo."

Soketi: 193. Kutoka kwenye boksi la buluu, ampu ikiwa imewashwa: 95. Kumbuka ampu inataka 120. Boksi linagawa kwa mbili, halina hatia. Ukilipatia 193 linakurudishia nusu, na kidogo linakula lenyewe.

Kisha akapima filamenti, zile nyuzi ndogo zinazoiva nyekundu ndani ya valvu. Ziliundwa kwa volti 6.3, na kanuni ya wazee wa redio ni kwamba ukishuka au kupanda asilimia 10 bado uko salama. Mita ikasoma 5.0.

"Zina njaa," akasema.

Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mjukuu. Filamenti ndiyo jiko. Jiko likiwa na moto hafifu, kathodi, ile sehemu ya valvu inayopashwa moto, haitoi elektroni za kutosha. Na ule umeme mkubwa wa juu, ambao ungekuwa zaidi ya 400, nao umeshuka pamoja na wenzake, karibu 330. Kwa hiyo nafasi ya sauti kupanda na kushuka imekuwa finyu. Ukikaza mkono kidogo unagonga dari. Nobu hazijui habari hiyo. Nobu zinagawana kilichopo tu.

Alipoondoka nilichukua kalamu. Nguvu ya ampu, kwa hesabu ya juu juu, hufuata volti mara volti. Gawanya 95 kwa 120, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa wati 22.

Inakuja kama wati 14.

Nilikuwa nimeikataa Blues Junior kwa sababu ni ya chumbani, halafu kila jioni nilikuwa nabeba kilo 19 kwenda ukumbini kupiga ampu ndogo kuliko hiyo. Na jambo lililonikera zaidi ni kwamba kwa ukubwa wa sauti hakuna aliyegundua, hata mimi. Kutoka wati 22 hadi 14 ni desibeli 2 hivi, tofauti ambayo ukumbi wenye watu mia na chupa mia hauisikii. Ukitaka sikio liseme "hii ni mara mbili ya ile" unahitaji wati mara kumi. Wati 15 dhidi ya 22 ulikuwa ubishi wa kwenye karatasi. Kilichobadilika kilikuwa pale sauti inapoanza kupasuka, na pale ndipo mpiga solo anapoishi.

Volti 120 nilizozikataa

Nilitaka nimalize kwa kishindo: transfoma mpya isukwe, 230 iingie, 120 itoke, kamili. Mzee akakataa.

Sababu yake sikuwa nimewahi kuisoma popote. Umeme wa Marekani unapigapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Transfoma iliyoundwa kwa 60 ukiipa 50 kwa volti zile zile, chuma chake kinabebeshwa sumaku zaidi kwa asilimia 20, na mzigo huo unatoka kama joto. Ukiipa 120 kamili hapa kwetu, valvu zitashiba lakini transfoma itaungua polepole, au haitaungua, inategemea aliyeiunda alikuwa mkarimu kiasi gani wa chuma. "Unataka kubahatisha?" akaniuliza. Saa mbili usiku, kwenye volti 95, transfoma yangu ilikuwa inastarehe huku valvu zikifa njaa. Kwenye 120 ingekuwa kinyume.

Alichopendekeza kilikuwa cha katikati. Acha boksi la buluu. Weka stebilaiza mbele yake, ishikilie 225 au zaidi kidogo mchana na usiku. Boksi litatoa 112 hivi, filamenti zitapata 5.9, ndani ya ile asilimia 10, na transfoma itabeba mzigo unaovumilika. Nikishika mfuniko wake baada ya saa mbili za kupiga niweze kuhesabu hadi kumi bila kuondoa mkono.

Stebilaiza ya kwanza niliazima, ya kawaida ya friji, inayobadilisha kwa swichi za ndani. Usinunue hiyo. Kila umeme ukiyumba inafanya *tak*, na volti zinaruka hatua nzima. Katikati ya solo! Nilikuwa nimeinama kwenye uzi wa pili, nasubiri noti inyong'onyee, *tak*, noti ikaruka kama mtu aliyekanyagwa. Mwimbaji aligeuka. Nimeshasema ni mtu wa kinyongo.

Nikaishia kununua ya mota, ambayo brashi yake inatembea juu ya koili taratibu. Inachelewa sekunde kidogo kushika lakini hairuki. Nilichojifunza kwa kelele ni kuiweka mbali: ukikaa nayo karibu, pikapu za gitaa langu, zile sumaku zinazodaka mtikisiko wa nyuzi, zinaivuta sumaku yake na spika inaanza kuimba mmmmm ya nyuki. Sasa inakaa nyuma ya ngoma, hatua tano, na mpiga ngoma ameshaizoea kama stuli ya kuwekea maji.

Nobu, safari hii kwa haki

Nilifuta rangi ya kucha kwa asetoni. Ya binti yangu pia, safari hii niliomba.

Nikarudi mwanzo, lakini ukumbini, siyo sebuleni. Sauti ya ampu peke yake chumbani ni kama shati likiwa kwenye hanga. Niliwaomba wenzangu waje saa moja mapema, nikawanunulia soda, wakaja watatu kati ya saba, wapiga tarumbeta kama mnavyowajua.

Kitu cha kwanza kilichobadilisha sauti hakikuwa nobu. Kilikuwa kreti. Ampu ikiwa sakafuni, spika inaimbia magoti yangu, na sauti za juu za spika ya inchi 12 husafiri kama mwanga wa tochi: mbele zinachoma, pembeni giza. Mimi niliyesimama juu yake nasikia bubu, naongeza trebo, na aliyekaa meza ya tatu anatafuta pa kujificha. Nikaipandisha kwenye kreti la soda na kuilaza nyuma kidogo initazame usoni. Papo hapo nikapunguza trebo kutoka 8 hadi 5, kwa hiari yangu. Na besi nayo ilipungua yenyewe, kwa sababu sakafu ya saruji haikuwa tena inaisaidia.

Besi nilikuwa nayo kwenye 6 nyumbani, nono, ya kupendeza. Mpiga besi alipoanza na tumba likaingia, gitaa langu likawa linakanyaga miguu ya kila mtu. Nikashusha hadi 4. Bado. Nikafika 2 na nusu, na ghafla nikajisikia. Sikuwa nimeongeza chochote. Nilikuwa nimetoka kwenye njia ya mpiga besi, naye akanyanyua nyusi, ambazo kwake ni makofi.

Voliumu ilikwenda 5, na hapo ile kapasita ya pikofaradi 47 niliyotaka kuikata ikaacha kuchoma, kama nadharia ilivyosema. Kuanzia hapo nikawa napunguza na kuongeza kwa nobu ya gitaa lenyewe. Mwangwi 3, kwa sababu ukumbi ni wa makuti na hauna kuta za kurudisha kitu. Mpiga rizimu akashika gitaa langu, mimi nikatembea hadi kaunta, kisha hadi kwa muuza mishikaki, nikasimama pale kwenye moshi nasikiliza.

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku. Noti zilikuwa na majina.

Nilichokiacha

Ningependa kuishia hapo, lakini zile rekodi za kwenye simu bado ninazo.

Juzi mpiga rizimu aliziomba ajifunze kipande fulani. Nikamtumia zote nane. Akarudisha moja, ameiwekea alama ya moto mara tatu. Ilikuwa ya saa mbili usiku. Ya uji.

Nikaisikiliza tena, kwa mara ya kwanza bila hasira. Ni ule mwanzo wa taratibu, kabla ya chemko, pale gitaa linapoongea na mwimbaji. Na kweli, noti zinachelewa kidogo kusimama, zinavimba, halafu zinalegea mwishoni kama mtu anayekaa kwenye kochi. Nilikuwa nasikia kosa kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kingine. Wapo waliolitafuta kosa hilo kwa makusudi: Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki wa Marekani, alikuwa akishusha umeme wa ampu yake kwa transfoma yenye nobu ya kuzungusha, hadi karibu volti 90. Yeye alitaka roki. Mimi nilikuwa napewa bure na mtaa mzima ukipika chakula cha usiku, nikalipa kuondoa.

Nimejaribu kuipata kwa voliumu kwenye 7 na gitaa limeshushwa. Inakaribia, lakini meza za mbele zinahama. Nimefikiria kuchomoa stebilaiza kwa nyimbo mbili za mwanzo kisha niirudishe, na nilipomtajia mzee wa Gerezani wazo hilo kwenye simu alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. "Valvu ni zako," akasema mwishowe.

Sijaichomoa. Bado naifikiria.

Jumapili iliyopita tulikuwa katikati ya wimbo wa tatu, nimeshika noti ya juu nimeivuta, naitikisa, umeme ukakatika mtaa mzima. Mikisa ikafa pale pale. Mwimbaji akabaki mdomo wazi, sauti yake imekuwa ya mtu wa kawaida. Kinanda kimya. Giza.

Ampu yangu haikuzima.

Zile kapasita zilikuwa bado zimeshiba, jiko lilikuwa bado la moto, na noti ikaendelea peke yake gizani. Ikaanza kulegea. Ikavimba, ikawa nzito, ikapita pale pale, nakwambia pale pale, kwenye sauti ya saa mbili usiku, tamu kuliko nilivyowahi kuisikia, kisha ikazama ndani ya spika. Sekunde mbili, labda tatu. Tumba lilikuwa bado linapigwa.

"Umeisikia hiyo?" mpiga rizimu akauliza kutoka gizani.

Nilikuwa bado nimeukandamiza uzi.